Wana wa Kiume Wangapi?

Takaungu, Jumamosi asubuhi

Kaka Athmani,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya rundo la mawe kiwanjani kwa mama, na Fundi Karisa ananitupia jicho la pembeni kwa sababu mawe anayoyataka ni haya haya. Atangoja. Amengoja tangu ulipozikwa, hashindwi kungoja barua moja.

Mawe ni yale uliyoyanunua wewe, ukamwambia mama kuwa mfungo wa Ramadhani utamkuta kwake. Mfungo umekuja na umepita. Homa ilikupanda kichwani Jumapili, na Jumanne alasiri wanaume wakakubeba kupitia kichochoro kile tulichokipima mimi na wewe, nyumba kwa nyumba. Mimi nilibaki ndani na wanawake. Lakini njia niliijua, kwa hiyo kadiri sauti zilivyozidi kufifia nilijua uko mbele ya mlango wa nani. Sikulia siku ile. Watu walisema Zuhura ana moyo mgumu, na mimi nilikuwa nakusindikiza kwa kichwa, mlango baada ya mlango, mpaka milango ikaisha.

Nataka kukueleza habari ya nyumba, kwa sababu nimefanya jambo ambalo hukunituma, na sina mwingine wa kumweleza ambaye ataelewa bila kunionea huruma.

Kwanza mama. Anakula kidogo, anasali sana, hajambo kwa macho ya watu. Bado anakaa kwa Mjomba Bakari, katika chumba kile kile tulichokulia baada ya baba kufariki. Mjomba ni mpole vilevile, lakini Omari wake anaoa mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, bibi arusi lazima apewe chumba, na chumba ni hicho. Alikuja kunieleza huku akitazama viatu vyake. "Simfukuzi mamako, Zuhura," alisema. "Ni mambo ya arusi tu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, nyumba ya mama ipo, Athmani ameiacha.

Maneno yalinitoka hivyo hivyo. Nyumba ipo. Ilikuwa ipo wapi, Kaka? Kiwanjani palikuwa na mawe, mchanga na mbuzi wa jirani. Nyumba ilikuwa ndani ya mashine yako.

Mashine bado iko pale ulipoiweka, chumba cha nyuma cha ofisi ya Bwana Swaleh huko Malindi, ninakochorea ramani za watu. Hukuwa na pengine pa kuiweka, maana Takaungu hatuna umeme. Nakumbuka uliporudi kutoka chuoni Nairobi na masanduku mawili, mama akadhani moja lina nguo. Akalifungua, akaiona ile kompyuta, akauliza kwa heshima kama televisheni hiyo ina picha. Ukamwambia, "Ina nyumba, mama." Alikuangalia vile anavyokuangalia ukiwa na homa.

Na mimi sikuelewa mara moja, ujue. Ulipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi na chaki, kanzu yako ya Ijumaa ikala vumbi, ukanifundisha. Ulisema waashi wa zamani hawakuwa na ramani lakini walikuwa na kanuni. Mtoto hutunga maneno ambayo hajawahi kuyasikia kwa mtu, na bado yakawa Kiswahili. Na fundi naye hujenga nyumba ambayo haijawahi kuwapo, na bado ikawa nyumba ya Takaungu. Kwa hiyo mashine usiipe nyumba ikariri, ipe kanuni itunge. Ukiona umbo hili, weka umbo lile mahali pake. Ukiona chumba kinataka kukua, kikue kwa urefu tu, maana upana wake ni boriti na boriti haivutiki. Ukiona mlango wa ndani umetazamana na mlango wa nje, usogeze mmoja, mpita njia asimwone mwenye nyumba kitandani kwake. Kanuni baada ya kanuni, mpaka yale maumbo ya chaki yakawa nyumba kamili pale sakafuni, na Bwana Swaleh akaingia na kupita katikati ya sebule na buti zake. Ukamwambia, "Shikamoo, Bwana, umeingia bila hodi."

Walimu wako walitaka kila nyumba ianze na kuta za nje, kisha ikatwekatwe ndani. Ulikataa. Wewe ulianza na mstatili mdogo, kitanda cha mama, na kanuni zote zikakua kutoka hapo kwenda nje. Ulisema nyumba haianzi ukutani, inaanza pale mama alipolaza ubavu. Nilikucheka. Siku hizi sicheki.

Tulipima nyumba ngapi? Bi Mwanaisha alitukuta tumeshika tepu kwenye daka lake, kile kiukumbi cha mlangoni, akatuuliza, "Mwanipimia nyumba, mumeambiwa nimekufa?" Ukamwamkia, ukamweleza habari ya kompyuta na kanuni, akakusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema sawa, lakini chumbani kwake hatuingii. Tukavuka hadi Mnarani kupima magofu, mahali ambapo hapakuwa na wa kutukataza. Ulisimama kwenye mlango mmoja usio na paa juu yake, ukashika ukuta kwa kiganja. Nikakuuliza kuna nini. "Hapa alilala mtu," ulisema, "na kanuni zake bado zimesimama." Nilikuona unajifanya mwanachuoni. Nikasema tuondoke, jua kali.

Na ile siku mashine ilipokataa kuacha kujenga! Ulikuwa umesahau kuipa kanuni ya kumalizia. Ikazaa chumba, chumba kikazaa ua, ua ukazaa chumba, na mashine ya kuchapia ikawa inatapika karatasi mpaka mlangoni. Ukakaa chini katikati ya karatasi ukicheka hadi machozi, ukasema tumemjengea Sultani na wake zake wote. Baadaye ukaweka kanuni ya mwisho, na tangu siku ile kila nyumba ikikamilika kioo huandika BASI, IMETOSHA. Kila kitu humo uliandika kama unavyosema kwa mdomo wako. Hata jina ulilonipa, kwa kuwa mimi bila rula siwezi kuchora mstari.

Sasa sikiliza. Baada ya arubaini yako nilirudi kazini, na nilipompa Mjomba lile neno la nyumba ipo, nikaingia chumba cha nyuma, nikaiwasha. Kioo kilikaa kimya, kisha yakatokea yale maandishi ya kijani.

HAYA BI RULA, TUENDELEE?

Nilikaa kwenye kiti nikashika meza. Najua ni mashine. Nilikuwapo ulipoyaandika maneno hayo, ulikuwa unakula muhogo wa kukaanga na vidole vina mafuta, nikakugombeza. Lakini mtu aliyezikwa akikuita kwa jina ambalo hakuna mwingine anayelijua, mwili hausikilizi sababu. Nikabonyeza N, ndiyo, tuendelee.

Ikaniuliza swali la kwanza, lile inalouliza kabla ya kuchora chochote, kwa sababu idadi ndiyo inayoamua kama nyumba itakuwa na sabule, chumba kile cha mbele chenye mlango wake wa barazani, ili vijana wa kiume waingie na kutoka bila kupita kwa wanawake.

WANA WA KIUME WANGAPI?

Ulipokuwa hai tulijibu moja bila hata kutazama kioo. Siku ile nilitazama. Kile kijisanduku cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kinangoja. Nikaandika 1. Mkono wenyewe ulikwenda. Kitanda cha mama kikatokea, chumba cha ndani kikakizunguka, ua, sebule, na mwisho, polepole, mstari kwa mstari, sabule yako. BASI, IMETOSHA.

Kesho yake niliiwasha tena. Si kwa kazi, nisikudanganye. Niliiwasha niitwe. Na kwa kuwa kanuni zako zinachagua, kila mara nyumba ilitoka tofauti, na kila mara sabule ilikuwapo lakini si pale pale. Leo uko kushoto kwa mlango, kesho kulia, siku nyingine umepandishwa juu na ngazi yako ya peke yako. Ulikuwa unahamahama, Kaka. Nilianza kufika ofisini mapema nikiwa na hamu ya kujua umelala wapi. Na mashine inapofika kwenye sabule husita kidogo kabla ya kuchora, ulinieleza ni kwa sababu ya wingi wa hesabu. Mimi nilikuwa naona kabisa umeshika kalamu kwa meno unafikiri. Nilikuwa natulia ili nisikukatize.

Bwana Swaleh alichungulia mlangoni siku moja akasema, "Zuhura, mashine hiyo yazungumza nawe ama ni wewe wazungumza nayo?" Nilimjibu vibaya, na mtu mwenyewe hajanikosea kitu. Alifunga mlango taratibu, na akaagiza waniletee chai.

Huku Takaungu Fundi Karisa akawa ananisubiri. Kila Jumamosi navuka kivuko cha Kilifi na karatasi mpya mkononi, na kila Jumamosi namwambia ile ya wiki iliyopita aiache. Yeye ni mtu wa Junju, mpole, lakini mwisho akachoka. "Mwanangu," alisema, "nambia vyumba vitatu, nambia vinne, nitajenga. Lakini leo wanipa hii, kesho wanipa ile. Labda haijengeki."

Alikuwa na haki. Mfungo tatu ulikuwa unakuja mbio. Nikakata shauri, nikachagua karatasi moja, sabule mkono wa kulia kwa upande wa upepo, kwa kuwa wewe hukuwa unaliweza joto. Ndivyo nilivyofikiri, wallahi. Nilimchagulia upepo mtu asiye na haja nao. Na nilijiambia nafanya kwa ajili ya mama. Nilidhani mama akikosa chumba chako katika nyumba uliyoiacha, atakufa.

Mama hasomi ramani. Kwa hiyo Fundi akapiga vigingi, akavuta kamba, akamwaga majivu juu ya mistari yote mpaka nyumba nzima ikalala chini kwa ukubwa wake. Nikaenda kumchukua mama kwa Mjomba. Alijitanda buibui lake, akaja, akasimama nje ya ile nyumba ya majivu akaitazama. Kisha akavua viatu.

Kaka, hakuruka hata mstari mmoja. Aliingia kwa mlango. Alipita dakani, akakunja kona pale kanuni yako ilipousogeza mlango, akafika uani, akaingia ndani, akasimama palipo kitanda chake. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Fundi Karisa alikuwa amevua kofia bila kuambiwa. Mimi nilijisikia fahari, nilitaka uone, nikageuka kabisa nikitaka kukwambia tazama.

Mama akatoka njia ile ile, akaenda nje, akazunguka barazani, akaingia sabule kwa mlango wake wa nje, kama anavyoingia mtu anayeijua nyumba. Akasimama humo. Akachutama, akagusa ardhi kwa kiganja. Mimi na Fundi tukatazama kwingine. Kisha akaniita.

"Na mwenye chumba hichi yuwaja lini?"

Hakuniuliza kwa ukali. Aliniuliza kana kwamba nimeambiwa siku na nimesahau kumpa habari. Nikamwambia, "Mama, ni kanuni zake mwenyewe." Upuuzi gani ule.

Akainuka, akajipangusa magoti. "Mimi mwanangu nimemuaga, Zuhura. Ukiweka mlango hapa, kila usiku nitausikiza. Usinijengee mahala pa kumngojea."

Halafu akaja akanishika uso kwa mikono yake miwili yenye majivu, na hapo ndipo nililia. Nililia mbele ya Fundi Karisa na wapita njia wote, nikakamata buibui la mama kama mtoto. Nilikuwa sijalia tangu ulipozikwa. Mama hakulia. Alinipiga piga mgongoni akisema basi, basi, mpaka pumzi ikanirudia.

Nilipotulia nilimwomba Fundi afute tu zile kuta za sabule kwa mguu. Akapima kwa macho, akakataa. Ukitoa hicho, alisema, ukuta wa baraza hauna pa kushika, na sebule itabaki na ubavu wazi. Nami nilijua. Ulinifundisha wewe: katika kazi hii hakuna kifutio, chumba hakiondolewi kwenye nyumba iliyokwisha, unarudi kwenye swali la kwanza na unajibu upya.

Nikarudi Malindi. Jana Ijumaa Bwana Swaleh na wenziwe walikuwa msikitini, ofisi imetulia, feni tu inazunguka. Nikaiwasha. Ukaniita. Nikabonyeza N. Ukaniuliza wana wa kiume wangapi, na kijisanduku kikaanza kuwaka na kuzimika.

Chai ilipoa. Nilijaribu kujiambia kwamba ni tarakimu, kwamba nimeiandika mara elfu kwenye ramani za watu, kiduara kidogo tu. Kidole kilikataa. Nilimfikiria mama amelala chumba cha ndani na macho wazi, anausikiliza mlango wa mtu ambaye haji, usiku huu na mwingine na mwingine, mpaka naye abebwe. Nikaandika 0.

Nilitarajia kitanda kitokee. Hakikutokea. Kioo kikaniletea maneno ambayo sijawahi kuyaona, kwa sababu tangu uyaandike hakuna aliyewahi kuijibu mashine yako hivyo.

HAKUNA MWANA WA KIUME. UNA HAKIKA?

Nilikutukana, Mungu anisamehe. Nilisimama nikakutukana kwa sauti katika ofisi ya watu. Najua kwa nini uliliweka. Unanijua nina haraka, ulidhani siku moja nitabonyeza sifuri kwa kupitiwa na kuharibu nyumba ya mtu. Uliweka kwa wema. Lakini umeniuliza wewe, Athmani. Watu wote wameniambia umekufa, imamu, Mjomba, wanawake waliokaa nami, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina hakika. Umekuwa wewe wa kwanza.

Nikabonyeza N.

Ikachora. Kitanda cha mama, chumba cha ndani, na hapo nikaona kitu. Mashine haikusita. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, na pale ilipokuwa sabule hapakuwa na tundu wala ukuta mtupu. Ua ulipanuka ukafika mbele, baraza likanyooka, na chumba cha binti kikasogea kikapakana na cha mama. Niliitafuta nafasi yako nikaikosa. Nilitafuta kwa rula, usicheke. Ilikuwa nyumba nzuri, nzima, ya wanawake wawili. BASI, IMETOSHA.

Niliivusha jioni ile ile, na ndiyo hiyo anayoichimbia msingi Fundi Karisa sasa hivi. Majivu mapya amekwisha kuyamwaga tangu alfajiri. Vyumba viwili vya ndani vitakuwa na paa kabla ya arusi ya Omari, ameapa kwa jina la marehemu babake. Mama amekuja na chupa ya kahawa, amekaa kwenye ua wake wa majivu, anamwelekeza mbuzi wa jirani kwamba huku si njia tena.

Nami nakuaga, Kaka. Siku ya maziko nilikusindikiza tu, kuaga sikuaga. Lala salama, Mungu akupanulie nafasi hapo ulipo. Mashine sitaiuza wala sitaifunika shuka kama kaburi, lakini sitaiwasha tena ili niitwe. Nitaiwasha kuna kazi. Jumatatu yuaja mtu wa Mnarani anayetaka nyumba, ana watoto wanne, wa kiume watatu. Utaniuliza swali lako, nami nitakujibu tatu, hapo hapo, bila kukawia, na tutamjengea.

Nduguyo,
Zuhura